Miezi minne mikono yangu bila hina

Juzi kanitumia ujumbe mama mmoja wa Wete, Pemba. Ana watoto watatu, anachora hina nyumbani kwake, na mama mkwe kamwambia achague: hina au heshima ya nyumba. Usiku ule sikulala vizuri. Dada yangu, nakujibu wewe na wenzio wote, maana najua mko wengi.

Mimi nilianza na miaka 17, Kikwajuni, mjini Unguja, nikimsaidia shangazi usiku wa kuamkia Idi. Mwezi ukiandama tu, ukumbi unajaa wanawake mpaka saa 8 usiku. Alinifundisha kuchekecha unga wa hina kwa mtandio mwepesi, kuukanda kwa ndimu na sukari, kuusubiri mpaka juu ugeuke kahawia. Ua langu la kwanza kulipatia lilikuwa korosho, lile lile la kwenye kanga.

Nikaolewa, nikazaa. Kisha mume wangu akafariki, mtoto wa mwisho bado ananyonya.

Mjane akikaa eda, miezi 4 na siku 10, hapaki hina. Sikunung'unika, ni amri ya Mola wangu. Lakini watoto wanakula kila siku. Wiki ya tatu jirani akaja, binti yake anaolewa. Nikamuuliza ustadhi wetu wa kike, akasema kilichozuiwa ni pambo la mwili wako, si kazi ya mkono wako ndani ya nyumba yako. Basi nikavaa glavu za mpira, nikachora. Kucha zangu zilikuwa na hina ya zamani. Kila wiki nikiona wekundu unasogea mbele, kwenye mzizi panabaki peupe. Eda ilipokaribia kwisha, umebaki uzi mwembamba nchani. Nikaukata, nikalia.

Wifi yangu mmoja alisema mbele ya watu, "Mjane wa kweli hashiki koni ya hina." Tukikutana shughulini namwamkia, lakini wallahi moyo haujasahau. Siku ile hakuna aliyeuliza watoto wamekula nini.

Mwaka huu binti yangu mkubwa kamaliza diploma ya ukunga. Ada yake imetoka kwenye koni hizi. Kabla ya mahafali nikampaka mwenyewe, mpaka viwikoni, alhamdulillahi.

Sasa nisikilize. Chukua nusu ya malipo kabla ya kushika mguu wa bibi harusi. Mimi nimewahi kuchora bibi harusi na mashoga zake sita, familia ikaniambia nirudi kesho, na kesho hiyo haijafika.

La pili, kubwa zaidi: piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea. Usichanganye rangi ya nywele ya unga ili iwe nyeusi upesi. Ina kemikali iitwayo PPD, inachoma. Nilifanya mara moja, mteja ana haraka. Siku ya tatu kaniletea mkono: malengelenge yamefuata ua langu jani kwa jani, hata vile vikonyo vidogo. Nilimwomba radhi yeye na mama yake, nikarudisha pesa, na tangu siku ile simpaki mtu dawa hiyo hata anilipe mara tatu. Mungu kakupa mkono wa kupamba viumbe wake, utamjibu nini ukiwaunguza? Hina halisi siku ya kwanza ni ya chungwa, ya pili inakolea. Mwenye haraka mwambie asubiri. Tena haizuii maji ya udhu, ukishabandua lile gamba lililokauka. Wanaosema mchoraji hasali hawajui kitu. Sali kwa wakati, weka koni chini adhana ikilia, hata bibi harusi akununie.

Na mama mkwe usibishane naye. Alasiri moja mtandikie mkeka, mpake yeye: ncha za vidole na nyayo, bila maua, kama wanavyopenda wazee wetu. Usimwambie neno mpaka ikauke.