Mlango ukibamizwa, mwili huganda: je, hofu ya utotoni hutibika?

Swali: Nina miaka 34, ninaishi Likoni. Nilipokuwa mdogo, baba alikuwa akirudi usiku na kumpiga mama, mimi hakunigusa. Leo mume wangu, ambaye ni mpole, akibamiza mlango kwa bahati mbaya, moyo hunienda mbio, mikono hufa ganzi na ulimi hunata. Mama husema yaliyopita si ndwele. Kwa nini mwili haujasahau, na je, kuna tiba?

Jibu: Dada yangu, hayo si upungufu wa imani wala si wazimu. Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, amigdala, inayotoa tahadhari kabla akili haijatambua kilichotokea. Kwa mtoto aliyelala macho wazi akisikiliza nyayo za baba uani, kishindo cha mlango kilikuwa habari ya kweli, kwa maana nyuma yake kulikuja kipigo. Somo hilo lilirudiwa usiku baada ya usiku, ubongo ukiwa bado unajengeka, likakita mizizi. Huko kuganda nako kuna maana yake: mtoto asiyeweza kupigana wala kukimbia hutulia kimya asionekane.

Usijiambie kwamba hukuumia kwa kuwa hukuguswa. Utafiti wa Vincent Felitti, Robert Anda na wenzao, uliochapishwa Marekani mwaka 1998, uliweka kushuhudia mama akipigwa miongoni mwa madhila ya utotoni, na ukaonyesha kwamba kadiri madhila yanavyozidi, ndivyo sonona na hata maradhi ya moyo yanavyoongezeka ukubwani.

Kwa heshima zote kwa mama, ndwele hii haijapita. Huamka kila mlango unapobamizwa. Lakini hutibika. Katika tiba ya kiwewe, mtaalamu hukufundisha kwanza kuutuliza mwili, kisha mkayarejea yale ya zamani kidogo kidogo, kwa mwendo unaoumudu. Hofu ya kale haifutiki. Ubongo hujifunza somo jipya kando yake, kwamba mlango huu ni wa nyumba yako.

Omba kuonana na daktari wa afya ya akili katika Hospitali ya Rufaa ya Pwani. Kwa sasa, ukishikwa, kanyaga sakafu kwa nguvu, toa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta, na utaje kwa sauti vitu vitano unavyoviona. Mweleze mumeo naye. Na kabla ya miadi, andika ni lini na mara ngapi unaganda. Ya usiku ule usiyaandike ukiwa peke yako, yasubiri mpaka uwe na mtaalamu kando yako.