Sakafu ya ghala Makambako: wavu wa chuma unatosha, au nikate zege?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Najenga ghala la mahindi hapa Makambako, mita 9 kwa 15, sakafu ya zege sentimita 10. Jirani yangu alimwaga jamvi (bamba la zege la sakafu) kama hilo, likapasuka ovyo kabla hata hajaanza kulitumia. Fundi wangu anasema nikitandika wavu wa chuma sina haja ya kukata mifereji kwenye zege. Ni kweli? Na kama ni kukata, nikate lini, kina gani?

JIBU: Marahaba. Wavu hauzuii zege kupasuka, unaubana ufa usipanuke. Zege likikauka husinyaa, huku ardhi ikilizuia lisisogee. Linapovutwa hivyo ni dhaifu sana, nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi ya ile ya kubeba mgandamizo. Litapasuka tu. Ukilikata, ufa unafuata mstari uliouchagua wewe, chini ya mkato.

Kina kiwe robo ya unene, yaani sentimita 2.5. Mkwaruzo wa sentimita moja ni kazi bure. Umbali kati ya mikato uwe mara 24 hadi 30 ya unene, kwako mita 2.4 hadi 3. Ghala lako linagawanyika vizuri: vipande 15 vya mita 3 kwa 3. Usikubali vipande vyembamba virefu, vitapasuka katikati.

Wakati wa kukata ndipo wengi wanapoharibu, hasa huko kwenu. Kwa kawaida ni muda wa saa 4 hadi 12 baada ya kumaliza kulainisha, lakini baridi ya Juni na Julai huchelewesha zege kushika, huku upepo ukikausha uso wake. Usiku ukiingia, zege lililopata joto mchana linapoa ghafla na kusinyaa, na ufa unaweza kutokea usiku huohuo wa kwanza. Kwa hiyo mwaga alfajiri, lifunike kwa nailoni mara tu uso unaposhika, na mwenye mashine ya kukatia zege asiondoke. Ajaribu mkato mfupi pembeni: kokoto ziking'oka na kingo zikimeguka, asubiri kidogo, kingo zikibaki safi, aanze mara moja, hata kama ni usiku na taa. Kusema "tutakata kesho" nakukataza kabisa. Kama huna uhakika wa mashine, mwambie fundi abonyeze mifereji ya kina hichohicho zege likiwa bado bichi.

Wavu ukae theluthi ya juu ya zege, siyo chini kwenye udongo kama ninavyouona kila mara. Panapopita mkato, kata angalau waya mmoja kati ya kila miwili kabla ya kumwaga, la sivyo wavu utashikilia vipande viwili pamoja na ufa utahamia kwingine. Ukutani na kwenye nguzo weka ukanda mwembamba wa povu la plastiki (foam) ili jamvi lisigandamane navyo.

Anayekata avae barakoa na akate kwa maji, kwa mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Vumbi la zege linaharibu mapafu, na grinda ya kawaida ya umeme ikimwagiwa maji inaua.

Mwagilia siku 7 mfululizo. Baada ya mwezi au zaidi, zege likishakauka, safisha mikato na uijaze kwa gundi ya kuzibia viungo. Kwa ghala la nafaka usiliache hili: punje zikizama humo, dumuzi na fukusi watajificha hadi msimu ujao.