Betri nyepesi ya gari: niliyojifunza kwenye mizani ya viazi

Naishi Uyole, na anayepajua Uyole mwezi wa saba hahitaji kuelezwa habari ya baridi. Gari langu ni Vitz ya injini ya lita moja, otomatiki. Nalitumia zaidi wikiendi kwenda Makete kumwona mama. Siku nyingine linalala tu nje. Ndiyo maana mara kwa mara naifungua betri na kuiingiza ndani niichaji. Mwaka juzi nilifanyiwa upasuaji wa tumbo, na daktari akanikataza kunyanyua vizito. Betri ya zamani ilipokufa nilikwenda Mwanjelwa na ombi moja: "Kaka, naomba betri nyepesi, isiyo ghali."

Nikapewa. Imeandikwa 46B24L, sawasawa na ile iliyotoka, na bei yake ilikuwa pungufu kwa shilingi 60,000 kuliko iliyokaa pembeni yake. Niliinyanyua bila shida, nikalipa, nikaondoka na furaha.

Ilidumu miezi mitano. Ilikuwa Julai, nimelala kwa dada yangu Isyonje, alfajiri ukungu umeshuka hadi kwenye majani ya viazi. Nageuza ufunguo, starta inafanya tik-tik-tik, taa za dashibodi zinafifia. Kijana wa Fuso lililokuwa linapakia viazi akaja na waya zake. Bosi wake, mzee mmoja mtulivu, akamzuia: "Acha! Fuso ni volti 24, utamuunguzia mwenzio gari." Mungu ambariki mzee yule. Tukatumia IST ya shemeji, gari likawaka.

Mzee hakuishia hapo. Yeye hununua viazi kwa kilo, hataki habari za lumbesa (magunia yaliyojazwa kupita kiasi), kwa hiyo mizani yake ilikuwa pale pale. "Mwanangu, hebu tuipime hiyo betri yako." Kilo 9 na kidogo. Shemeji akafungua ya IST, nayo 46B24L, kasha kubwa vilevile. Kilo 12 na kidogo. Mzee akagonga kasha la betri yangu kwa kucha: "Hizo kilo tatu ni madini ya risasi ambayo hukupewa."

Tangu siku ile naiangalia betri kwa jicho jingine. Betri hizi za kawaida ni plati za risasi zilizozama kwenye asidi, na sehemu kubwa ya uzito wake ni hiyo risasi. Kiwanda kikitaka kushusha bei hupunguza plati au huzifanya nyembamba. Kasha linabaki lilelile, stika ileile. Wakati wa joto inaweza kukudanganya, maana injini inazunguka kirahisi. Ikija baridi, oili inakuwa nzito na betri yenyewe inapungua nguvu kwa wakati mmoja, ndipo upungufu unapojitokeza.

Lakini wepesi wa halali upo, na ndio ninaotaka uutafute. Soma namba za Kijapani. Kwenye 46B24L, 46 ni daraja la nguvu (si ampia, hata kama muuzaji atakuambia hivyo), B ni kundi la kimo na upana, 24 ni urefu kwa sentimita, na L inaonyesha vichwa vimekaa upande gani. Sasa kuna 34B19L: kimo na upana uleule, fupi kwa sentimita tano, ina uzito wa kama kilo 9 na bei yake ni ya chini. Vitz nyingi za lita moja hutumia hiyo. Kwa maneno mengine, mimi nililipia kubwa nikapewa risasi ya ndogo, wakati ndogo ya kweli ingenitosha.

Ndiyo niliyofunga. Fundi alirekebisha kishikio, kwa sababu betri fupi ikibaki inacheza, barabara za kwetu zitazivunja plati zake. Nayo ina akiba ndogo: siwashi redio injini ikiwa imezimwa. Kama una IST ya 1.5, au unalala Makete au Njombe mara kwa mara, baki na 46B24L iliyoshiba. Usishuke saizi kwa ajili ya kilo tatu.

Dukani omba mambo mawili. Mizani kwanza, hata ya jirani muuza mchele; weka mbili za saizi moja uone. Kisha mita ya kupimia volti. Betri mpya iliyotulia isome volti 12.6 hivi au zaidi. Ikiwa chini ya 12.4 imekaa sana kwenye rafu bila chaji, iache hata ukipunguziwa bei. Na baada ya kuifunga, injini ikiunguruma, mita isome kati ya 13.8 na 14.4, ikiwa chini ya hapo, huenda oltaneta (kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka) ndiyo inayoumwa, na betri mpya itakufa vilevile.

Za litiamu? Ni nyepesi kweli, chini ya nusu ya uzito, lakini bei yake ni mara kadhaa, na hazitakiwi kuchajiwa joto likishuka chini ya nyuzi sifuri. Kwa asubuhi ambazo umande unaganda juu ya majani kule Kitulo, mimi sijashawishika.

Unapofungua, anza na kichwa cha hasi. Unapofunga, hasi iwe ya mwisho, spana isije ikagusa bodi ikapiga cheche. Ile mbovu usiimwage asidi yake shambani wala mtaroni. Irudishe dukani nzima ilivyo, wengi wanakupunguzia bei ya mpya kwa ajili ya risasi iliyomo. Yangu walinipunguzia kidogo sana, waliipima kwanza.