Sindano ikikuchoma usisubiri asubuhi

Wiki hii nusu ya maswali ni ya sindano, tuanze nayo.

Nimechomwa na sindano ya mgonjwa siku nne zilizopita, naweza kuanza PEP, zile dawa za kuzuia virusi vya ukimwi baada ya kuchomwa? (Nesi, Kongwa)

Siku nne ni masaa 96, PEP mwisho masaa 72, na hayo 72 sio ya kusubiri, unatakiwa uanze ndani ya masaa machache halafu umeze siku 28. Kwa hiyo umechelewa mdogo wangu, ila nenda leo leo ukapime na uulizie homa ya ini B. Jamani hili nimelijibu mara ngapi? Mtu anachomwa usiku anajifuta na spiriti anakaa kimya eti in-charge, yaani msimamizi wake, atafoka. Wote mnaogopa ukimwi, ambao uwezekano wa kuupata kwa mchomo mmoja wa sindano yenye virusi ni kama 0.3%, wakati homa ya ini B kwa asiyechanjwa inaweza kufika 30% na chanjo yake ni dozi 3 tu.

Nikichomwa nikamue damu?

Hapana. Maji yanayotiririka na sabuni.

Mimi ni wa usafi, nimeajiriwa na wakala, nikichomwa inanihusu? (Mama wa Chamwino)

Inakuhusu kuliko wote, mama yangu. Kuna kituo nilifanya kazi, dada wa usafi alibeba mfuko mweusi wa takataka za kawaida, sindano ikapenya ikamchoma pajani. Nilipoenda kuangalia, safety box, lile boksi la kutupia sindano zilizotumika, ilikuwa imejaa mpaka sindano zimechomoza kama miiba ya mgunga, aliyekosa pa kutupa katupa mfukoni. Boksi likifika robo tatu lifungwe! Na yule dada hakuandikwa popote kwa sababu "sio staff". Mama, dai uandikwe kwenye rejista siku hiyo hiyo, na mwajiri wako, awe wakala awe nani, apeleke taarifa WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Bila maandishi utahangaika kuthibitisha kwamba uliumia kazini.

Nachanganya jiki na dawa ya choo, macho yanawasha.

Acha leo. Hiyo ni gesi ya klorini, inachoma mapafu.

Nauguza bibi aliyepooza hapa Nkuhungu, mgongo unauma, nimeze nini?

Dawa utameza na kesho utambeba tena vile vile. Tandika shuka chini yake, muwe wawili, kunjeni magoti, mvuteni kwa shuka. Na kama bibi anakohoa zaidi ya wiki mbili apimwe TB, na madirisha yafunguliwe, najua upepo wa Dodoma mwezi wa saba na vumbi lake, fungueni hivyo hivyo.