Hadithi za watoto: ukizisoma ukubwani unajikuta upande wa Fisi

Wakuu, mleta uzi kauliza kama mtu mzima ana chochote cha kupata kwenye hadithi za watoto au ni kupoteza muda tu. Nimepitia majibu yote. Wengi mmesema zinafundisha maadili. Hapo ndipo tunapopishana, maana kwangu maadili ndiyo ninayoyapata kidogo kuliko vyote. Ile mistari ya mwisho ya "hadithi hii inatufundisha kwamba..." huwa nairuka kabisa.

Mimi nanunua na kuuza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma mjini. Biashara hii ina siku za kukaa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa za wavuvi hazina kazi, dagaa hawakusanyiki, basi mnakaa. Na mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei ili samaki wapumzike, tulikaa kweli kweli. Ndipo nikaanza kumsomea binti yangu jioni, vile vijitabu vyembamba vya picha.

Tukafika kwa Fisi wa njia panda. Mnamjua huyu: kanusa nyama, kafika njia panda, harufu inatoka kulia na kushoto. Hakutaka kukosa hata moja, akatia miguu ya kulia njia hii na ya kushoto njia ile, akaenda hivyohivyo mpaka akapasuka msamba. Utotoni nilimcheka mpaka machozi. Safari hii nilisimama pale anaponusa. Fisi hakuwa mjinga jamani! Pua haikumdanganya, nyama ilikuwepo kweli pande zote mbili. Mtu mwenye mzigo wa dagaa unaosubiri bei Dar, mara anasikia maharage yameshuka bei Kasulu, na mfukoni ana mtaji wa kitu kimoja tu, hiyo harufu anaijua vizuri sana. Binti akaniuliza, "Baba, kwa nini asile ya huku kwanza, halafu arudi ale ya kule?" Nikamwambia aliogopa ya kule ataikuta imeshaliwa. Akanitazama. "Kumbe unamtetea!"

Namtetea, ndiyo. Utotoni sote tulikuwa Sungura, kadogo, kajanja, kanawazidi akili wakubwa. Ukishakuwa na ada za shule na kodi ya pango, unaanza kumwelewa Fisi, yule anayeahidiwa kila mara na kila mara anaamini. Riwaya ya wakubwa hainifanyii hivyo, kwa sababu sikuwa nayo darasa la pili, sina cha kuilinganisha nacho.

Kuna mdau hapo juu katoa mfano wa Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, kwamba vitabu vya utotoni, vya Tarzan na vya yule daktari anayeongea na wanyama, ndivyo vilivyomtia hamu ya Afrika mpaka akafika Gombe, hapa kwetu, mwaka 1960. Ni kweli, mwenyewe alilisimulia mara nyingi. Lakini huo ni mfano wa kitabu kumfaa mtoto, na uzi unauliza habari za mtu mzima.

Wa mtu mzima ni wa kale zaidi. Kalila na Dimna, vile visa vya mbweha wawili kwenye baraza la Simba, asili yake ni India, na mwandishi Ibn al-Muqaffa akavifasiri kwa Kiarabu karne ya 8. Havikuwa vya watoto hata kidogo. Vilikuwa vya wafalme na watu wa barazani kwao. Mfalme humwambii usoni kwamba anasikiliza wachonganishi. Unamsimulia ya Simba, yeye mwenyewe ajitafute humo.

Huku mwaloni, tunakopokelea dagaa, mbinu hiyo bado inafanya kazi. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilifika mahali hesabu hazisomeki, na mweka hazina ana undugu na nusu ya wanachama, nani atamgusa? Mzee mmoja akaomba nafasi. Hakutaja jina la mtu. Akaanza, "Hapo zamani za kale, wanyama walimkabidhi Fisi bucha," akaenda nayo taratibu, akimwigiza Fisi anavyoapa kwa miungu yote huku anajifuta mate. Watu wakavunjika mbavu, mweka hazina naye akacheka. Kikao kilichofuata daftari likaja. Tungeandika barua ya malalamiko, kikundi kingekufa siku ileile.

Kwa anayetaka kujaribu: soma kwa sauti. Kimyakimya kitabu kinaisha dakika tano na unaona hakina kitu. Kwa sauti inakubidi uamue Fisi anaongeaje, na hapo ndipo utamu unapoanza. Mtoto naye mwache achague mwenyewe. Wangu siku hizi kahamia kwenye mazimwi, na mimi mazimwi siyapendi, ila nasoma hivyohivyo.