Trela hainunuliwi kwa futi, Mkuu, hununuliwa kwa kilo

Mkuu, usilipe kwanza. Umesema boti yako ni ya faiba, futi 16, mashine Yamaha 40, utaivuta kutoka Kigamboni mpaka Kilwa Masoko, na unauliza kama uchukue trela ya roli (boti hukalia vigurudumu) au ya mbao (hukalia mbao ndefu). Halafu ukaongeza kwamba jamaa anakuuzia moja iliyotumika Ulaya, kibati chake cha uzito kimeandikwa kilo 750, na amekuhakikishia kuwa "hii ni ya futi 16 mpaka 18." Hapo ndipo niliposhtuka. Maneno hayohayo aliniambia muuzaji wangu, huku akipiga chuma kwa kiganja kunionyesha kilivyo kigumu.

Anauza trela kama anapima kitenge! Futi zinakuonyesha tu kwamba boti haitaning'inia nyuma. Ekseli haijui futi, inajua kilo.

Na hiyo 750 si mzigo wa kupakia. Ni jumla ya trela yenyewe na kila kilicho juu yake. Kule Ulaya trela ndogo nyingi huishia hapo kwa sababu ndicho kikomo cha trela isiyo na breki. Yangu ilikuwa na kilo 210 ikiwa tupu, kwa hiyo boti ilibakiziwa 540. Sasa hesabu: bodi 400, mashine 70 na ushee, petroli lita 50 ni kilo 37, betri 20. Tayari umeshafika ukingoni, na hujaweka nanga, mnyororo, kamba, maboya wala kasha la barafu. Sisi tulijaza na maji ya kunywa na mahema juu yake, maana muuzaji alisema "haina shida."

Tulipopita Kibiti, kila tuta likawa linaipiga ile ekseli. Nilisikia harufu ya grisi inayoungua, na kabla sijapata pa kuegesha, ncha ya ekseli ya kushoto ikakatika. Gurudumu likatupita, likaingia porini. Trela ikalala ubavu, boti ikaburuzwa kwenye lami mpaka faiba ikachanika chini. Lori la kutubeba, fundi wa faiba na ekseli mpya vilikula pesa kuliko bei ya trela ya kilo 1,300 yenye breki. Nikampigia yule muuzaji. Akanijibu, "Ulizidisha mzigo." Yeye! Aliyeniona nikiwa na boti, hakuniuliza uzito hata mara moja!

Kwa hiyo fanya hivi: kodi Canter, ipime tupu kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu, kisha ipime na boti ikiwa na mafuta na vifaa vyote vya safari. Tofauti ndiyo uzito wako. Jumlisha na uzito wa trela tupu, halafu tafuta kibati kinachozidi jumla hiyo kwa asilimia 15 au zaidi. Kikipungua, ondoka, hata akikupunguzia bei nusu.

Na chuma cha trela kiwe kilichochovywa zinki, si kilichopakwa rangi tu. Ukifika ufukweni subiri magurudumu yapoe kabla ya kuyazamisha, la sivyo yatafyonza maji ya chumvi mpaka kwenye beringi.

Piga picha kile kibati uiweke hapa leo, na umuulize jamaa trela tupu ina kilo ngapi. Akianza tena habari za futi, usimwachie hata advansi.