Mnaoanza kutumia data ya rada ya Tromsø, kaskazini mwa Norwe, inayopima anga la juu: "usiku" ni wa wapi?

Wiki hii nimepokea grafu mbili kutoka kwa wadogo zangu wawili katika utafiti, na zote zina kosa lile lile lililowahi kunila miezi minne. Nimeona niandike.

1. F10.7, yaani nguvu ya mawimbi ya redio ya Jua ya sentimita 10.7 inayoonyesha ukali wa Jua, tumieni ile iliyopimwa, si iliyorekebishwa kwa umbali wa Jua. Ayonosfia, tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme, hupokea mwanga unaoifikia kweli.

2. Pedersen na Hall, aina mbili za upitishaji umeme wa ayonosfia, msivichanganye. Kilele cha Pedersen kiko karibu na kilomita 125, cha Hall chini kidogo, kama 110. Elektroni zenye nguvu hupenya chini zaidi, kwa hiyo zikija hizo Hall ndiyo hupanda sana.

3. Usiku. Hapa kaeni vizuri. Nilitaka kutenganisha upitishaji umeme unaoletwa na Jua na ule wa chembe za aurora, ile mianga ya anga la ncha. Nikachukua fomula ya Moen na Brekke ya 1993, inayokadiria ule wa Jua kwa F10.7 na pembe ya zenithi, yaani pembe ya Jua kutoka utosini. Ndani yake mna kipeuo cha pili cha kosaini. Pembe ikivuka digrii 90 kosaini huwa hasi, na programu inatema NaN, yaani "si namba". Nikaongeza mstari mmoja: kila NaN iwe sifuri. Kilichobaki nikakiita aurora. Ikatoka grafu ya kuvutia mno, "aurora" yangu ikipanda na kushuka pamoja na F10.7, nikaanza na makala kabisa. Msimamizi wangu akaitazama kimya, kisha akauliza: "Jua likishazama hapa chini, kule juu nako limezama?"

Nilikwenda kupiga hesabu mikono ikitetemeka. Jua likiwa digrii 4 chini ya upeo wetu, mwale unaofika kilomita 125 umepita kilomita 109 juu ya ardhi. Urujuanimno haujamezwa wote, bado unaleta upitishaji umeme ambao mimi niliuita aurora! Na Tromsø mwezi wa Aprili Jua huzama kimshazari, saa za namna hiyo ni nyingi. Nilipobakiza pembe zinazozidi 105 tu, uhusiano ule ukayeyuka. Kilichobaki kilifuata upepo wa Jua, yaani chembe zinazotiririka kutoka kwake. Makala niliifuta, na usiku ule sikulala.

4. Madoa ya Jua yakipungua, aurora haipungui kwa kipimo hicho hicho. Mikondo ya kasi ya upepo wa Jua kutoka mashimo ya korona, angahewa la nje la Jua, huendelea kuichochea.

Wewe uliyeniletea grafu ya Aprili, njoo Jumatatu na programu yako. Tuutafute pamoja ule mstari wa sifuri.